Sikio na Mtu wa Maswali

Fundi alipomwambia Sikio kwamba anataka kumuoa, Sikio hakulia wala hakucheka. Aliuliza, "Kwenu kuna maji?"

Walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, jioni, wagonjwa wameshaondoka na mfagiaji anamwaga maji sakafuni. Fundi alikuwa ameletwa katika hospitali ile kufunga mashine mpya na kuwafundisha wauguzi kuitumia. Kazi ilikuwa ukingoni. Wiki iliyokuwa inakuja angerudi kwao, mbali, safari ya kulala njiani, ambako alikuwa na karakana yake na nyumba aliyoijenga nyuma ya nyumba ya mama yake.

"Maji yapo," alisema, bila kushangazwa na swali. "Yanatoka mlimani, baridi mpaka meno yanauma. Na kuna ukungu. Asubuhi ukifungua dirisha, huo ukungu unaingia jikoni kama mgeni aliyezoea. Unasikia jirani anakusalimia na humwoni. Nikiwa karakanani watu wanapita, kila mmoja anaingiza kichwa mlangoni anauliza umeamkaje, halafu anaenda zake. Mwaka mzima nikiwa safarini nakosa vile vichwa mlangoni."

Alizungumza akiangalia mbele, uso umelainika, na Sikio alimtazama kwa pembeni. Laiti angeeleza vibaya. Laiti angejisifu kidogo, Sikio angepata pa kumshika. Lakini pale mahali palikuwa pazuri, na mtu aliyekuwa akipasimulia alikuwa mzuri zaidi.

"Na wewe?" Fundi alimgeukia. "Kwa nini unapapenda hapa?"

"Napapenda tu."

"Tu si sababu."

"Basi sina sababu."

Mwanamume mwingine angeona hapo ndipo pa kumshawishi. Yeye alikunja uso kwa udadisi, kama alivyofanya mashine ilipotoa mlio asioufahamu. Hospitali nzima walimwita Mtu wa Maswali. Alikuwa amemuuliza mfagiaji kwa nini anaanzia dirishani, akamuuliza mpishi kwa nini sufuria kubwa hukaa jiko la kushoto, akasikiliza majibu yote hadi mwisho. Ndivyo alivyompata Sikio. Alimkuta siku moja ameinama uani mwa hospitali, fimbo ya chuma imesimama ardhini, ncha yake ya juu ameiweka sikioni, macho ameyafumba. Akamsubiri mpaka alipoyafumbua, ndipo akauliza, "Inasema nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alikuwa mtu wa idara ya maji, kazi yake kusikiliza mabomba yanayovuja chini ya ardhi, kazi iliyompa jina, na watu walikuwa wakimuuliza tu maji yatarudi lini.

"Kesho unafanya kazi wapi?" aliuliza sasa.

"Mtaa wa washonaji. Maji yanapotea pale na hatuoni yanakotokea."

"Nichukue. Kama mdomo wako hauna sababu, nitaziangalia kwa macho."

*

Nyumbani baba yake alikuwa ameshapata habari. Baba alikuwa fundi wa saa aliyestaafu, mtu wa maneno machache, lakini usiku ule alikuwa mchangamfu. Alimpenda Fundi tangu siku alipokuja kumuuliza habari za saa ya ukutani, wakakaa nayo mezani mchana kutwa imefunguliwa tumbo.

"Kijana ana adabu, ana kazi, ana nyumba," alisema huku akimega mkate. "Sasa kumebaki nini?"

"Kumebaki kuhama," alisema Sikio.

"Mke huenda alipo mumewe. Mama yako si alinifuata? Alitoka kwao, akaja hapa hamjui mtu, na hajalalamika hata siku moja."

Mama alisimama akaanza kukusanya vyombo, ingawa watu walikuwa bado wanakula.

"Sitaki aende," alisema.

Baba alishangaa. "Kwa nini? Kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Sitaki tu."

Akaenda jikoni, na maji yakasikika yakitiririka bombani muda mrefu kuliko vyombo vile vilivyohitaji. Baba alimtazama binti yake, akainua mabega.

"Mama yako anaogopa upweke," alisema kwa sauti ya chini. "Atazoea."

Sikio alikuwa akisikiliza maji ya jikoni, na lile "tu" la mama yake lilimkaa masikioni. Lilifanana mno na la kwake.

*

Walianza kabla magari hayajawa mengi, kwa sababu kelele za barabarani humeza sauti za chini. Sikio alikuwa amevaa buti na fulana ya idara ya maji iliyopauka mgongoni. Fundi alibeba mfuko wa vifaa bila kuambiwa.

"Kwanza tunahakikisha hakuna anayetumia maji," Sikio alimweleza, akigonga mlango wa kwanza. "La sivyo nitasikia mtu anaoga niseme bomba limepasuka."

Nyumba kwa nyumba waliomba watu wafunge bomba kidogo. Fundi aliona jinsi milango ilivyofunguka. Hakuna aliyeuliza wewe nani. Mwanamke mwenye povu la sabuni mikononi alisema, "Sikio, nina nguo kwenye beseni, usiniangushe." Mzee wa duka la vitambaa alimlaumu kwamba mara ya mwisho waliziba shimo lakini wakamwachia kokoto mlangoni. Sikio aliomba radhi, akainama hapohapo akazisogeza kwa buti.

"Anakusema hivyo kila siku?" Fundi alinong'ona.

"Hunisema nikikosea. Nikifanya vizuri hunyamaza. Nimeshamzoea."

Mbele ya karakana ya mwisho alikaa bibi mshonaji, cherehani yake kizingitini kwa ajili ya mwanga. Alimtazama Fundi kuanzia viatu hadi nywele.

"Ndiye yule wa maswali?"

"Ndiye, bibi," alisema Sikio, uso umemchoma.

"Nasikia anakuchukua." Bibi hakusubiri jibu. Alitia uzi kwenye sindano kwa mkono usiotetemeka. "Mimi sina neno. Ila nani atanisikilizia bomba langu?"

"Wataleta mwingine, bibi."

"Wataleta," alikubali bibi. "Watu hawakosekani."

Alisema bila chuki, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa, na kwa sababu hiyo maneno yalimwingia Sikio zaidi.

Alisimamisha fimbo juu ya kifuniko cha valvu ya kufungia maji barabarani, akaweka sikio. Kimya. Akasogea hatua chache, akarudia, akanong'ona kwamba kuna mlio hafifu, akasonga mbele. Fundi alimfuata bila kusema, na hilo pekee, kwa mtu kama yeye, lilikuwa zawadi. Walipofika kwenye kona, nyusi za Sikio zilipanda. Alimwashiria aje.

"Weka sikio hapa. Usipumue."

Fundi aliinama karibu naye hadi mabega yakagusana. Mwanzoni hakusikia kitu zaidi ya moyo wake mwenyewe. Halafu ikaja, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka kwenye nyumba ya jirani.

"Hiyo?"

"Hiyo."

Hawakuinuka mara moja. Macho yao yalikuwa karibu mno, na Sikio aliona vumbi kidogo kwenye kope za Fundi. Alitamani kulifuta. Alijiinua badala yake, akachukua chaki, akachora alama ya msalaba barabarani.

"Umejuaje si kule tulikopita? Hata kule kulikuwa na mlio."

"Kule ni bomba la plastiki. Plastiki huficha sauti, kwa hiyo mlio ule ulikuwa wa mbali, umesafiri tu. Kuanzia hapa ni chuma cha zamani. Chuma hakina siri. Na hapa chini kuna kona, walikwepa msingi wa nyumba iliyovunjwa nikiwa mdogo. Pale kwenye kona ndipo huanza kuoza."

Fundi alitazama barabara ile ya kawaida, lami iliyopasuka na vipande vya nyuzi vilivyopeperuka, kana kwamba anaiona imevuliwa nguo. Halafu, kwa furaha ya kweli, akasema maneno ambayo baadaye angejilaumu kwayo.

"Kwetu utafurahi sana. Mabomba yetu yote ni ya chuma. Mkuu wa idara ya maji kule namfahamu, nimempigia juzi. Anasema uje hata kesho."

Sikio alisimamisha chaki hewani.

"Umempigia juzi?"

"Ndiyo. Nilitaka uwe na kazi, usije ukakaa bure."

"Jana jioni ndipo ulipoomba kunioa."

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo uliniombea kazi kabla hujaniomba mimi." Hakupandisha sauti. "Wewe unamuuliza mfagiaji kwa nini anaanzia dirishani. Mimi hukuniuliza kama nitaondoka. Hilo ulilijibu mwenyewe."

Fundi aliuhamishia mfuko wa vifaa mkono wa pili.

"Jana ulitaka sababu," Sikio aliendelea, na sasa maneno yalikuja yenyewe, yakisukumana. "Nilikuwa sizijui kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kuniondolea. Chukua sasa. Mimi nikiziba bomba hapa, jioni nikirudi nyumbani napita pale pale, nakuta yule mama ameanika nguo zake. Naziona zinadondosha maji. Ni yale niliyoyatafuta asubuhi. Wewe unajua furaha hiyo? Unafunga mashine, unaondoka, hujui imempiga nani picha. Mimi nakutana na kazi yangu njiani kila siku. Yule mzee wa vitambaa ananisema, ndiyo, kwa sababu anajua nitarudi. Mpita njia hasemwi. Barabara hii naijua ilivyokuwa kabla ya lami. Kwenu nitaambiwa bomba limepita hapa, nami nitaamini kwa sababu sina la kujua. Nitajifunza, sikatai, mimi si mjinga. Lakini usiseme ni mabomba tu. Mabomba yapo dunia nzima."

Bibi mshonaji alikuwa amesimamisha cherehani.

"Sikujua," alisema Fundi.

"Hukuuliza."

Wachimbaji wawili wa idara walifika na gari lao, wakaanza kupasua lami pale penye msalaba. Fundi alisimama pembeni na mfuko wa vifaa mkononi, mpaka maji yalipochomoza, yamechafuka kwa tope, kisha safi. Aliona bomba lilivyotafunwa kwenye kona. Alimwona Sikio ameshuka shimoni kuwaonyesha pa kukata, uso umerukiwa na matope, anacheka na wachimbaji kwa jambo ambalo yeye hakulielewa. Aliweka mfuko chini taratibu, akaondoka.

Sikio alipopanda juu alikuta mfuko. Alitazama huku na huku mtaani.

"Ameenda huko," bibi mshonaji alimwonyesha kwa mkasi. "Alitembea kama mtu anayehesabu."

Mchana wote Sikio alifanya kazi bila kukosea hata mara moja, na hakukumbuka alichofanya. Alirudi nyumbani kwa njia ya mtaa ule. Nguo zilikuwa zimeanikwa kweli, na ziliteremsha maji matone matone. Kwa mara ya kwanza hazikumpa raha.

*

Jua lilikuwa bado lipo aliposikia hodi. Fundi aliingia amevaa shati safi, kola imekaa vibaya, akaamkia wazee, akakataa kiti.

"Baba, mama, nimekuja kuiondoa posa yangu."

Baba aliweka miwani mezani. Sikio, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni na taulo begani, alishika fremu ya mlango. Mama peke yake hakutikisika. Alimkazia macho yule kijana, akangoja.

"Niliomba vibaya," Fundi alisema. "Nilisema nataka kumuoa, kumbe nilikuwa naomba aondoke. Ni maombi mawili, nikayafunga pamoja bila kumuuliza. La kuondoka nalifuta. La kumuoa naliomba upya, akiwa hapahapa alipo." Alimgeukia Sikio. "Mwezi uliopita mganga mkuu alinitaka nibaki niiangalie mashine, na nyingine zinazokuja. Nilikataa bila kufikiri. Leo nimekwenda kumuuliza kama nafasi bado ipo."

"Ipo?" Sikio aliuliza.

"Ipo. Nilipomaliza kuuliza nilikaa katika chumba cha eksirei nikawauliza wagonjwa wote wanakotoka. Sikuwahi. Nilikuwa nauliza mfupa gani unauma." Alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Ulisema kweli kuhusu picha."

Sikio alitaka kumkimbilia. Badala yake alisema jambo lililokuwa likimsumbua tangu benchini.

"Na ukungu wako? Na wale wanaoingiza vichwa mlangoni?"

"Vitaniuma," alisema Fundi.

"Halafu?"

"Halafu sijui. Ukweli ni huo. Sijui maumivu hayo huwa yanakwisha au hayaishi."

"Hayaishi," alisema mama.

Wote walimgeukia. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono ameikunja kifuani, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma.

"Yanapungua. Unapata marafiki, unazaa, unajua duka lipi lina unga mzuri. Unafika hata kuupenda mji. Mimi hapa napapenda, msinielewe vibaya. Lakini hayaishi." Alimtazama Fundi. "Utakuwa unarudi kwenu?"

"Ningependa, mama."

"Nisikilize. Usipende tu. Panga. Kila mwaka uende, na huyu uende naye, akae jikoni kwa mama yako aone huo ukungu. Ajue ulichoacha. Ukikubali hilo, mimi nimekubali. Usipokubali, ondoka na posa yako."

"Nimekubali."

"Na wewe?"

"Hata usingesema ningetaka kwenda," Sikio alijibu. "Nataka kukiona alichoniambia. Ila mama..." Alisita. "Wewe uliacha nini?"

Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Kazi, kwanza. Ulikuwa hujui? Nilikuwa kwenye kiwanda cha mbao. Nilikuwa mpimaji. Mbao ikipita mbele yangu nasema hii ya dari, hii ya mlango, hii ina mdudu, itoeni. Wanaume wazima wanaitoa."

Sikio alimtazama mama yake, mwanamke aliyemwona miaka yote kati ya jiko na kamba ya nguo, akajaribu kumweka mbele ya mbao zinazopita. Aliona mara moja kwamba inawezekana. Aliona hata anavyosimama.

"Ndiyo maana hutaki niende," alisema.

"Nilikuona unavyorudi jioni na matope yako. Hivyo ndivyo nilivyokuwa narudi na vumbi la mbao."

Miwani ya baba ilikuwa bado mezani, na bila miwani uso wake ulionekana mchanga na umepotea njia.

"Hukuniambia," alisema hatimaye.

"Hukuniuliza," mama alimjibu, polepole, bila ukali. "Ulisema twende, nikaja. Nilikupenda. Ningekuja hata ungeniuliza. Lakini ungeniuliza."

Fundi alitazama sakafu. Sikio alitamani baba aseme lolote, hata amkatalie, hata akasirike, kwa sababu mama alikuwa amebaki amesimama peke yake pale dirishani kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Baba aliinuka. Alichukua kiti alichokuwa amekikalia, kile chenye mto, akakivuta hadi dirishani akamwekea mkewe. Kisha akavuta kingine, kigumu, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana, mikono ameipachika katikati ya mapaja kama mwanafunzi.

"Kwenu kukoje?" aliuliza.

Mama alimtazama sana, akimpima kama anatania. Alipoona hatanii, alikaa. Alinyoosha kanga mapajani, ingawa haikuwa imekunjamana.

"Ni mbali na habari zenyewe si fupi," alisema.

"Sina pa kwenda."

Sikio alisogea akasimama kando ya Fundi. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine ya kumuuliza, na vumbi la asubuhi alilotamani kulifuta lilikuwa limeshaoshwa. Alifungua mdomo. Fundi alimshika mkono kwa mara ya kwanza mbele ya wazazi wake, akautikisa kidogo kumwashiria anyamaze.

"Asubuhi," mama alikuwa ameanza, macho yameenda mbali na uso umelainika, "kabla hata hujafungua macho, unasikia harufu ya mbao mbichi. Nyumba nzima. Mpaka kwenye mkate..."